Shajara ya mradi: supakapasita sita za kuamsha jenereta, Bombo

Jumatatu

Kazi imeletwa na Hajati anayekodisha mahema na spika hapa Bombo. Jenereta yake ya petroli ni nzima, injini haina neno, ila betri ya stata imechoka. Mtambo unalala stoo wiki nzima, kisha Jumamosi unatakiwa uamke mara moja mbele ya wageni. Betri ya namna hiyo haizeeki kwa kazi, inazeeka kwa kukaa.

Nimepima. Ikipumzika, betri inaonyesha volti 12.4. Ukizungusha ufunguo inaporomoka hadi 6.9 na solenoidi, swichi ya sumaku ya stata, inagonga-gonga tu. Mita ya kukumbatia waya inasoma ampea 80 hivi wakati huo, kwa hiyo ukinzani wa ndani wa betri umefika kama omu 0.07. Betri hii ukiifunga balbu itawaka usiku kucha. Inachoshindwa ni kutoa umeme mwingi kwa ghafla.

Kununua betri nyingine ndiyo dawa ya kila mwaka, na Hajati ameichoka. Nimempendekezea benki ya supakapasita, yaani kapasita za kushika chaji nyingi mno zilizofungwa pamoja, ikae sambamba na betri hiyo hiyo: betri ijaze benki taratibu, benki itoe kishindo cha kuzungusha stata. Akaniuliza, "Fundi, itawaka au haitawaka?" Nikamwambia itawaka. Sasa kazi ni kuhakikisha hailipuki.

Jumanne jioni

Mpwa wangu yuko likizo, anasoma fizikia sekondari, na kanuni zote anazo kichwani. C ni uwezo wa kapasita kushika chaji, kipimo chake faradi. Kapasita zikiwa sambamba unajumlisha: C = C1 + C2 + C3. Zikiwa kwenye mfuatano, moja nyuma ya nyingine, unajumlisha vipande: 1/C = 1/C1 + 1/C2 + 1/C3. Kinyume cha rezista. Hajakosea.

Nilimwekea mezani kapasita mbili za kawaida za elektroliti, moja ya mikrofaradi 1,000 na nyingine 470, zote za volti 25, nikazifunga kwenye mfuatano na kuzipa volti 12. Akanipigia hesabu haraka: mikrofaradi 320. Nikamuuliza kila moja imepata volti ngapi. Akasema sita sita.

Mita ya dijitali ikasema 8.2 kwenye ile ndogo na 3.8 kwenye ile kubwa. Alishangaa, na nilitaka ashangae. Kwenye mfuatano hakuna njia ya pembeni, chaji inayoingia ya kwanza ndiyo inayoingia ya pili, sawasawa. Na volti ni chaji gawa kwa faradi. Chukua jerikeni nyembamba na jerikeni nene, mimina maji kiasi kile kile: nyembamba ndiyo itakayofurika. Mpaka leo naona vitabu vinatumia kurasa kwa faradi na mistari miwili kwa volti, ilhali kwenye karakana hakuna kapasita iliyowahi kupasuka kwa sababu ya faradi.

Jambo jingine limejitokeza lenyewe. Tuliiacha mita yangu ya zamani, ile ya mshale, imeshikizwa kwenye kapasita ndogo, na mshale ukawa unashuka polepole. Mita hiyo kwenye kipimo cha volti 10 ina ukinzani wa kilo-omu 200 tu, kwa hiyo inanyonya kidogo kidogo na kuhamishia volti kwa mwenzake. Mpwa akataka kujua kama kapasita zenyewe haziwezi kufanya hivyo bila mita. Zinaweza. Kila kapasita ina mvujo wake wa ndani, na ukiziacha muda mrefu kwenye umeme wa moja kwa moja, mgawanyo wa volti unaacha kufuata faradi na kuanza kufuata mvujo.

Tukafungua pawa saplai ya kompyuta ya zamani iliyokufa, ile yenye swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma. Ndani kuna kapasita mbili nene za volti 200 kwenye mfuatano. Umeme wetu wa 240 ukinyooshwa na daraja la dayodi unafika kileleni volti 339, kila kapasita inabeba kama 170. Na juu ya kila moja kuna rezista moja ya kilo-omu nyingi, imekaa kama haina kazi. Kazi yake ndiyo hiyo: kulazimisha zigawane sawa, mvujo utake usitake, na kumaliza chaji ukizima. Moja ya rezista hizo ilikuwa imekatika. Kapasita iliyokuwa chini yake imevimba kichwa, mwenzake mzima.

Jumatano

Supakapasita zimefika kutoka Kampala kwa teksi ya asubuhi, zimefungwa kwenye gazeti kama samaki wa kukaanga. Ni sita, kila moja imeandikwa 2.7 V 500 F. Zimetumika. Umbo ni kama kopo la maziwa ya mtoto, ila jembamba zaidi.

Hesabu ya juu juu: mfumo wa jenereta ukichaji unafika volti 14.4. Supakapasita moja haivumilii zaidi ya 2.7, kwa hiyo nahitaji sita kwenye mfuatano, 6 × 2.7 = 16.2. Faradi zinabaki 500 ÷ 6, yaani 83 na kitu.

Mpwa hakufurahi. "Mjomba, tumenunua faradi 3,000 tunabaki na 83?" Swali zuri kuliko anavyodhani. Ukizifunga zote sambamba utapata faradi 3,000 kwa volti 2.4, na hesabu ya nishati, nusu ya C mara V mara V, inatoa jouli 8,640. Ukizifunga kwenye mfuatano utapata faradi 83.3 kwa volti 14.4, na jibu ni jouli 8,640 zile zile. Mpangilio hauongezi wala haupunguzi akiba. Unachagua tu uitoe kwa sura gani, na stata ya volti 12 haina habari na volti 2.4.

Jouli 8,640 si nyingi. Ni wati-saa 2.4, betri ndogo ya volti 12, ampea-saa 7, ina 84. Anayedhani benki hii itaendesha redio usiku ajue mapema. Ila stata haihitaji nyingi. Kutoka volti 12.4 hadi 9 benki inatoa jouli 3,000 hivi, na stata inayokula kilowati moja itazunguka sekunde tatu. Injini hii ikiwa na petroli inashika chini ya sekunde moja.

Alhamisi

Siku ndefu ya kupima, na siku yenye maana kuliko zote.

Siamini maandishi kwenye kopo, hasa kopo lililotumika. Hata mpya huruhusiwa kupishana asilimia 10 hadi 20. Njia ni rahisi: pawa saplai ya mezani imefungwa kwenye ampea 2 zisizobadilika, saa ya simu mkononi, unahesabu sekunde kutoka volti 0.5 hadi volti 2.0. Faradi ni ampea mara sekunde, gawa kwa volti zilizopanda. Kapasita ya 500 kamili inatakiwa kutumia sekunde 375. Mpwa alishika saa, mimi kalamu.

Nimeandika kwa wino mweusi juu ya kila kopo: 505, 498, 472, 510, 490, 431.

Hiyo ya mwisho ilimaliza safari yake kwa sekunde 323. Haikuwa mbovu kiasi cha kutupwa. Asilimia 14 chini ya maandishi. Muuzaji yeyote atakwambia chukua tu, bado ni nzima. Sasa angalia inavyokuwa kwenye mfuatano. Nikijumlisha vipande vyote sita napata faradi 80.5. Kwa volti 14.4 chaji inayopita ni kulombu 1,159. Gawa kwa 510 unapata volti 2.27, imetulia. Gawa kwa 431 unapata 2.69.

Yaani ile dhaifu kuliko zote ndiyo iliyobebeshwa mzigo mkubwa kuliko zote, na imebakiza volti 0.01 tu kufika ukingoni. Regyuleta ya jenereta ikipandisha kidogo tu hadi volti 15, hiyo kopo inapata 2.8 wakati mita ya nje inaonyesha benki nzima iko mbali na 16.2 yake. Ndiyo maana nasema usipime benki kwa jumla. Jumla inadanganya kwa adabu.

Mpwa ndiye aliyetoa dawa. Nilikuwa na supakapasita ndogo za faradi 50, volti 2.7, kwenye kopo la skrubu. "Tuiongezee hii ubavuni." Yaani sambamba na ile ya 431, ndani ya mfuatano. Inafanya 481. Tukarudia hesabu: benki inakuwa faradi 82, chaji kulombu 1,181, na ile dhaifu inashuka hadi volti 2.46. Sasa iliyo juu kuliko zote ni ya 472, nayo iko 2.50. Nafasi imepatikana kwa kopo dogo kama kidole gumba.

Sharti moja la kuziunganisha sambamba: zote mbili ziwe na volti sawa kabla hazijagusana. Ukiunganisha iliyojaa na iliyo tupu, hakuna cha kuzuia mkondo isipokuwa ukinzani wao wa ndani, na huo ni mdogo mno. Tulizimaliza zote kwa rezista ya wati 10 mpaka mita ikasoma sifuri, ndipo tukalehemu.

Ijumaa, baada ya sala

Mpwa amekuja na wazo jingine: kama zikiwa sambamba zote zinapata volti sawa, kwa nini tusizichaji sambamba halafu tuzipange kwenye mfuatano? Wazo hilo lina ukoo. Mjerumani Erwin Marx mwaka 1924 alijenga mtambo unaochaji kapasita nyingi zikiwa sambamba, kisha cheche zinaruka na kuzipanga kwenye mfuatano kwa mkupuo, na volti zinajumlishana. Mpaka leo maabara za umeme mkubwa zinautumia kujaribia vifaa dhidi ya radi.

Sisi hatutaki radi, lakini nusu ya wazo tumeichukua. Tumefunga kopo zote sita sambamba kwa waya mnene na kuziacha kwenye volti 2.3 usiku kucha. Faida yake ni hii: zikianza zote kwenye 2.3 ndipo ziingie kwenye mfuatano, jumla ni 13.8. Kutoka hapo hadi 14.4 kuna volti 0.6 tu ya kugawana, na hata ile dhaifu bila msaidizi wake ingepanda kwa 0.11 peke yake. Tofauti za faradi bado zipo, ila umezisukuma chini, kwenye volti ndogo ambako hazimdhuru mtu. Ukianza na kopo tupu, tofauti zote zinakutana juu, penye hatari.

Mke wangu ameuliza kwa nini makopo yamelala kwenye meza ya chakula na yamefunikwa kwa ndoo. Nimejibu kwamba yamejaa.

Jumamosi asubuhi

Kuunganisha kwenye mfuatano zikiwa zimejaa si mchezo. Nimevua pete na saa, mpwa amevua bangili ya shaba aliyopewa na bibi yake. Volti 13.8 haimrushi mtu, lakini faradi 82 zinaweza kuyeyusha ncha ya spana kabla hujaiachia, na pete ni spana ndogo iliyozunguka kidole.

Vipande vya kuunganishia nimekata kwenye shaba bapa ya transfoma kuukuu. Risasi ya kulehemu pekee haitoshi kubeba ampea mia. Shaba ibebe, risasi ishikilie tu. Chuma cha kulehemu cha wati 100, mguso mfupi, kwa sababu joto likiingia ndani ya kopo linaharibu kizibo cha mpira. Nyaya za kwenda nje ni za mashine ya kuchomelea, milimita za mraba 25, laini na nene.

Kila kiungo kina maana hapa kuliko kwenye redio. Ukinzani wa ndani kwenye mfuatano unajumlishwa, kopo sita, viungo saba, nyaya mbili. Miliomu 13 kwa jumla ni hasara ya volti 1.4 kwenye ampea 110.

Kusawazisha kumetuchukua mazungumzo marefu. Njia ya zamani ni ile ya pawa saplai ya kompyuta, rezista juu ya kila kopo. Nikiweka omu 100, kila moja inakula miliampea 24 mchana na usiku, na kwa siku ni zaidi ya nusu ampea-saa kutoka kwenye betri ambayo ugonjwa wake ni kulala bila kuchajiwa. Ni kumtibu mgonjwa kwa kumtoa damu. Nikiweka kilo-omu 1, unyonyaji unakuwa mdogo, miliampea 2.4, lakini kusawazisha kopo la faradi 500 kwa rezista hiyo kunachukua siku karibu sita kwa hatua ya kwanza tu. Kubwa inachelewa, ndogo inakausha.

Nimechagua bodi ndogo za kusawazisha, moja kwa kila kopo. Zinalala mpaka kopo lifike kama volti 2.65, ndipo zinafungua njia ya pembeni na kuchoma ziada. Chini ya hapo hazinyonyi kitu cha kuhesabika. Na kati ya benki na betri nimeweka swichi nene ya kukatia, ili jenereta ikienda stoo kila mmoja alale kwake.

Jumamosi mchana

Kwa kuwa benki ilikuwa kwenye 13.8 na betri kwenye 12.4, nimeishusha kwanza kwa balbu ya taa ya gari ya wati 55 mpaka zilingane, ndipo nikafunga. Balbu hiyo hiyo ndiyo nitakayomwachia Hajati kwa siku ambayo benki itakuwa imeisha kabisa. Benki tupu ikiunganishwa moja kwa moja, betri inaiona kama waya uliogusana. Ikipitia kwenye balbu, mkondo hauzidi ampea nne na nusu hivi: balbu inawaka kwa nguvu, inafifia, ikizimika benki imejaa. Dakika chache na huna haja ya mita. Napenda kifaa kinachoeleza hali yake chenyewe.

Ufunguo. Volti zikashuka hadi 10.1, mita ya kukumbatia waya ikasoma ampea 110, injini ikashika kabla sijamaliza kusoma. Tumeizima na kusubiri nusu dakika betri ijaze tena (omu 0.07 mara faradi 82 ni sekunde sita kasoro, mara tano unakuwa umefika), na imeshika tena. Jenereta ikiwa inazunguka, mfumo umepanda hadi 14.4. Kopo zote ziko kati ya 2.37 na 2.43. Hakuna bodi iliyoamka.

Hajati hakuangalia mita. Aliangalia injini, akaita vijana wapakie mahema.

Jumamosi iliyofuata

Jenereta ililala wiki nzima, swichi imekatwa. Nimepita asubuhi kusoma kopo moja moja kabla hawajaiwasha.

Tano ziko kati ya 2.05 na 2.11. Moja iko 1.78. Nilipogeuza kopo kuangalia wino nilitarajia 431. Ni 472.

Ile dhaifu, yenye msaidizi wake ubavuni, imeshika volti 2.08 bila shida. Ya 472, ambayo Alhamisi sikuitilia shaka, ndiyo inayovuja. Hesabu ya haraka: imepoteza volti 0.3 zaidi ya wenzake, mara faradi 472, gawa kwa sekunde za wiki, ni karibu robo miliampea ya ziada. Kidogo sana kuonekana kwa kipimo changu cha saa ya simu, ambacho kinaisha kwa dakika sita. Faradi na mvujo ni magonjwa mawili, na kopo linaweza kuwa na moja bila jingine. Bodi zangu hazikusaidia chochote hapa, wala hazikuundwa kusaidia. Zenyewe zinaamka kwenye 2.65, na kopo hili liko mbali chini.

Kwa wiki moja hakuna hatari. Likibaki nyuma kwa 0.3, wenzake watano wanabeba 0.06 zaidi kila mmoja. Likiachwa miezi bila kurudishwa, wenzake watasogea kuelekea juu huku lenyewe likielekea sifuri, na siku stata itakapovuta sana, wengine watalisukuma lipite sifuri hadi upande wa kinyume. Kapasita ya aina hii haipendi kugeuzwa.

Nimelisawazisha kwa mkono na pawa saplai ya mezani mpaka 2.08, jenereta imewaka, imeenda kazini Wobulenzi. Kopo la kubadilisha nimeshaagiza, na safari hii kipimo kitakuwa cha aina mbili: sekunde za kujaa, kisha siku saba rafuni na mita ya dijitali asubuhi na jioni.

Dereva wa lori la Hajati ameona, naye anataka yake. Lori ni la volti 24, mfumo ukichaji unapita 28. Kopo kumi na mbili kwenye mfuatano, faradi 41, kila moja ikibeba 2.4 kama hapa, na mara mbili ya nafasi za kukutana na kopo linalovuja. Mpwa ameshaanza kuchora jedwali la vipimo.